Bledi za dado za mashine ya meza: nichukue inchi 6 au inchi 8?

Seremala_Moro

Habari zenu wakuu. Mimi ni seremala niko Morogoro, kazi zangu kubwa ni makabati ya jikoni na shelfu za vitabu, plaiwudi ya milimita 18 na frem za mninga. Miaka yote hii mifereji ya kukalishia shelfu nachonga kwa ruta (mashine ya mkono ya kuchonga mbao), bit ya milimita 12 napita mara mbili, ukifika kabati la pili mikono imekufa ganzi na bit imeshaanza kuunguza mbao. Mwaka jana shemeji yangu yuko Marekani akanipakilia kwenye kontena mashine ya meza iliyotumika, ya bledi ya inchi 10, volti 120, naiendesha kwa transfoma na inapiga kazi safi sana. Sasa anafunga mzigo mwingine nikamwambia anitafutie bledi za dado, yaani bledi nene za kuchonga mfereji mpana kwa kupita mara moja, ananiuliza ipi, na mimi sijawahi kuishika dado mkononi. Naona kuna ya seti yenye bledi nyingi, kuna ile moja inayoyumba ambayo bei yake ni ndogo, halafu kuna inchi 6 na inchi 8. Naombeni msaada hasa kwa aliyewahi kuitumia maana pesa yenyewe ya mawazo.

Fundi_Keko

Mkuu kabla ya inchi 6 au 8 fungua bledi iliyopo uangalie shafti, kile chuma kinachozungusha bledi. Pima urefu kuanzia pale bledi inapoegemea mpaka mwisho wa nyuzi za nati. Dado ya kukaa plaiwudi ya 18 unene wake ni kama milimita 18 hivyo hivyo, na nati lazima ishike nyuzi zote, siyo ikamate nyuzi mbili halafu unawasha unamwomba Mungu. Kuna mashine za Marekani kabisa, ndogo za kubeba, ambazo shafti yake haikutengenezwa kwa ajili ya dado. Angalia pia tundu, za Marekani ni inchi 5/8, yaani karibu milimita 16. Sisi tunaotumia mashine za Ulaya shafti ni milimita 30 na ni fupi, seti ya Kimarekani haiingii, na nimeshaona fundi amepeleka bledi kwa mtu wa lethi (mashine ya kuchonga vyuma) ikatanuliwe tundu. Tafadhali mtu asifanye hivyo, tundu likitoka kati hata kwa nywele moja bledi inapiga kelele na kutetemeka mpaka meza inahama.

Mbao_za_Minnesota

Salaam ndugu zangu. Niko huku Marekani mwaka wa tisa, nafanya makabati, dado naitumia karibu kila wiki.

Ile ya kuyumba achana nayo. Bledi imekaa mshazari kwenye shafti, inavyozunguka inatambaa kushoto kulia ndiyo inapanua mfereji, kwa hiyo chini ya mfereji panatoka mviringo kidogo badala ya kunyooka, na shelfu ikikaa juu ya mviringo gundi inashika katikati ama pembeni tu. Halafu inatetemesha mashine. Chukua seti. Kwenye seti kuna bledi mbili za nje, na katikati unapanga chipa, vile vyuma vyenye meno mawili au manne, pamoja na shimu nyembamba za kurekebishia unene.

Saizi: mashine za kubeba na za volti 120 kwa ujumla inchi 6 inatosha kabisa. Mfereji wa shelfu hauzidi milimita 6 kwenda chini kwenye plaiwudi ya 18, yaani theluthi, hiyo inchi 6 unaipata bila shida, na ni nyepesi, mota haihangaiki kuiamsha. Inchi 8 ni nzito, inataka mota yenye nguvu. Tofauti ni kama mashine yako ni ile yenye breki ya kusimamisha bledi ukiigusa, hiyo inadai inchi 8 na breki yake maalumu ya dado. Soma kitabu cha mashine, wameandika mwisho wa kipenyo na mwisho wa unene, usivuke.

Na transfoma? Mashine ya ampea 15 kwa volti 120 ni wati 1800 wakati wa kazi, dado inakula kuliko bledi ya kawaida. Kama transfoma yako ni ya wati 2000 itachemka, tafuta ya 3000.

Patasi_Mombasa

Mimi nitawapinga kidogo wakubwa. Dado lazima utoe kile kisu cha nyuma ya bledi na kifuniko, hakuna kinachokukinga. Rafiki yangu mbao ilimrudia kwa kasi ikampiga tumboni akalala hospitali siku mbili. Kwa kazi ya shelfu ruta na kiongozi kilichopimwa vizuri inatosha, bit ya milimita 18 zinauzwa. Mwenye haraka anakata vidole. Na msitumie fensi (ukingo wa pembeni unaoongoza mbao) na rula ya kusukumia mshazari, ile inayoteleza kwenye mfereji wa meza, kwa pamoja, hiyo ni sumu.

Mbao_za_Minnesota

Ndugu yangu wa Mombasa pole sana kwa rafiki yako, na hapo kwenye kukosa kinga uko sahihi, sibishani. Ila hilo la mwisho tulielewane: fensi na rula pamoja ni hatari kwa bledi inayopasua mpaka chini, kwa sababu kipande kinachokatika kinabanwa katikati ya bledi na fensi kinarushwa. Dado haikati mpaka chini, hakuna kipande kinachoachia, ndiyo maana unaweza kuegesha mbao kwenye fensi ili kila mfereji utoke umbali ule ule. Cha kuogopa ni mbao kunyanyuka au kupinda njiani. Bandika bodi yenye vidole, ile inayobana mbao isihame, pembeni, sukuma kwa kipande kilichowekwa mpira chini, usiweke kiganja juu ya mahali bledi inapita hata kama huioni. Huioni, ndiyo hatari yenyewe.

Halafu upangaji, hapa ndipo watu wengi wanakosea. Meno ya bledi mbili za nje yaangalie nje. Chipa zisigusane meno kwa meno, kila chipa izungushe kidogo ili jino lake likae kwenye nafasi ya bledi ya jirani, ukikaza jino juu ya jino kabaidi, ile ncha ngumu ya jino, inavunjika.

Seremala_Moro

Nimepima shafti: kutoka kwenye egemeo mpaka mwisho wa nyuzi ni milimita 27, nati ina milimita 8. Kitabu kimesema dado mwisho inchi 6. Mota ni ya brashi. Na plaiwudi nimepima kwa kalipa (kipimo cha unene) shiti tatu, moja 17.6, moja 17.4, moja 17.8, kumbe "18" ni jina tu.

Fundi_Keko

Hapo sasa! 27 kutoa 8 unabaki na 19, inakaa. Mota ya brashi haitajali umeme wetu wa 50 Hz, ingekuwa ya indakshen, isiyo na brashi, ingezunguka polepole.

Hesabu yake hii hapa: bledi mbili za nje milimita 3.2 kila moja ni 6.4, chipa tatu za 3.2 ni 9.6, umefika 16. Ongeza chipa ya 1.6 ni 17.6. Shiti ya 17.6 unapiga hivyo hivyo, ya 17.8 unaweka shimu ya 0.2. Ya 17.4 toa ile ya 1.6 weka shimu za 1.4 ukizigawa kati ya bledi na chipa, zikitosha, na jaribu kwenye kipande cha taka cha shiti ile ile kwanza. Kata kifuniko cha meza, kile kibati kinachozunguka bledi, chako mwenyewe kwa plaiwudi, kibane na fensi, inua bledi polepole itoboe yenyewe, hapo veneer (ngozi ya juu) ya plaiwudi haichanikichaniki.

Seremala_Moro

Wakuu narudi baada ya miezi minne, seti ya inchi 6 imefika. Jumamosi nimefanya shelfu za ofisi, mifereji 24. Ya kwanza niliweka shimu chache mno shelfu ikagoma kuingia, nikaongeza moja, ikaingia kwa kupigwa na kiganja na ikasimama yenyewe bila gundi, nimeigeuza juu chini haikudondoka. Kijana wangu ndiye anashika fensi mimi nasukuma. Kila shiti sasa napima kwa kalipa kabla sijapanga, na mpango wa chipa nauandika kwa penseli nyuma ya mlango wa karakana.