Tupeane uzoefu: picha gani ya Tarkovsky ilikuganda kichwani, na uliielewaje?

Wadau, habari za jioni. Naomba hapa tusimuliane, tusifundishane. Kila nikikutana na mtu aliyeangalia filamu za Andrei Tarkovsky, yule mwongozaji wa Kisovieti, maswali ni yale yale: yale maji yana maana gani? Na yule mbwa? Nami nimeuliza hivyo kwa miaka. Naanza na langu.

Niliangalia Zerkalo, yaani Kioo, ya mwaka 1975, miezi michache baada ya kumzika bibi yangu. Mwanzoni kuna mama amekaa juu ya uzio anavuta sigara, macho yako shambani. Daktari mgeni anapita, wanazungumza kidogo, anaondoka zake. Akiwa katikati ya shamba upepo unakuja ghafla, majani yote yanalala, yule bwana anasimama na kugeuka. Basi, hakuna zaidi.

Nilisoma kila kitu. Huyu anasema upepo ni roho, yule anasema ni baba aliyeikimbia familia. Hilo la baba lina msingi: mshairi Arseny Tarkovsky aliwaacha mkewe na watoto mwaka 1937, na sauti inayosoma mashairi ndani ya filamu ni yake mwenyewe. Lakini kilichonigeuza ni jambo dogo. Tarkovsky aliijenga upya nyumba ya utoto wake mahali ilipokuwa, kwa kufuata picha za zamani. Kisha akataka shamba la mbele lipandwe grechikha, nafaka yenye maua meupe, kwa kuwa alikumbuka weupe ule. Wenyeji wakamwambia pale haitaota. Ikaota, ikachanua.

Mtu anayehangaika kiasi hicho na maua hanitegei kitendawili. Nikairudia filamu bila daftari. Upepo ulipofika, nilimwona bibi Kyela, saa kumi jioni, amesimama kwenye tuta la mpunga, mkono juu ya paji la uso, anatazama barabara ambayo hakuna anayekuja. Siku ile nilikuwa sijaikumbuka hata mara moja tangu utotoni.

Karibuni.

Mwalimu, Dodoma:

Ahsante kwa kuanzisha. Kabla ya huo upepo kuna kitu, na mimi ndicho kilichonikamata. Filamu inafunguka na kijana mwenye kigugumizi kikali akitibiwa. Mwanamke anamwambia mvutano wake wote uhamie mikononi, mikono inakakamaa, halafu anamwambia nikikuachia utasema kwa sauti, kwa urahisi, bila woga. Kijana anasema: naweza kuzungumza.

Wachambuzi wengi wanamwona pale msanii wa Kisovieti aliyefungwa mdomo. Sipingi. Ila mimi nina kigugumizi tangu nikiwa mdogo, na nilichokiona ni taya lake: linavyotangulia huku neno limebaki nyuma. Darasa la tano nilisimamishwa nisome ubaoni, nikakwama kwenye herufi moja mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na hakuna aliyeniambia nikae. Nilisimamisha filamu, nikatoka uani, nikasema sentensi ile peke yangu. Nilikwama mara mbili, ya tatu ikatoka. Mtu akiniambia tukio lile ni ishara tu, naona kama ananinyang'anya kitu changu.

Mhandisi mstaafu, Morogoro

Mimi nilifika Moscow kusoma mwaka 1988, enzi za Gorbachev. Tarkovsky alikuwa ameshafariki Paris, Desemba 1986, baada ya kutangaza mwaka 1984 kwamba harudi nyumbani. Stalker niliiona na wenzangu wa bweni, na Kirusi changu kilikuwa bado cha kubabaisha.

Nilijua kwamba watu watatu wanaingia eneo lililokatazwa liitwalo Zona, kutafuta chumba kinachotimiza matamanio ya moyo. Jirani yangu wa chumba, kijana wa Kiev, alikaa kimya mpaka mwisho. Baadaye akanieleza kwamba kwa Kirusi cha mtaani zona ni kambi ya wafungwa. Kwa hiyo yule kiongozi wa safari anapomwambia mkewe kwamba kwake kila mahali ni jela, neno moja linabeba mambo mawili, na mimi nilikuwa nimesikia moja. Juu ya hapo kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilikuwa kimelipuka miaka miwili tu nyuma. Filamu ni ya mwaka 1979, haikuweza kuijua Chernobyl. Lakini huyu kijana alikuwa na shangazi aliyehamishwa kule, akaacha nyumba na mbwa. Katika filamu mbwa mweusi anawafuata kutoka ndani ya Zona mpaka nyumbani. Hapo ndipo aliposhindwa kuvumilia.

Tarkovsky mwenyewe alikataa kabisa kwamba Zona inawakilisha kitu. Alisema Zona ni Zona, ni maisha. Zamani niliona kauli hiyo ni ya kukwepa maswali. Sasa naona kwamba angetaja maana moja, yule kijana asingempata mbwa wa shangazi yake.

Mwenye uzi: Shikamoo mzee wangu. Hilo la neno zona nilikuwa silijui kabisa, na mara zote nimeiangalia kwa tafsiri.

Mhandisi mstaafu, Morogoro: Marahaba, mwanangu. Tafuta hata mtu mmoja anayejua lugha, angalia naye.

Daktari wa mifugo, Nakuru

Nitatofautiana nanyi kidogo. Katika Andrei Rublev, filamu yake kuhusu mtawa mchoraji wa picha takatifu wa zamani, kuna farasi anaporomoka kwenye ngazi wakati Watatari wanauteka mji wa Vladimir. Nimesoma watu wakieleza kwamba farasi yule ni Urusi iliyovunjika. Farasi yule alichukuliwa machinjioni, akaangushwa kweli, akauawa kweli kwa ajili ya kamera. Mimi kazi yangu ni kushika shingo za wanyama wanaoumia. Nikitazama miguu ya mbele inavyotafuta pa kukanyaga, sioni nchi yoyote, namwona mnyama. Naipenda filamu hiyo, na tukio hilo silisamehi. Ufasiri usitufanye tusione kilicho mbele ya macho.

Fundi wa vyombo, Lamu

Daktari, umesema kweli. Mimi pia ni Rublev, ila sehemu ya mwisho, ile ya kengele.

Boriska ni kijana mdogo. Baba yake, fundi wa kusubu kengele, amekufa kwa tauni. Watu wa mtawala wanatafuta fundi, naye anawaambia baba alimwachia siri ya shaba. Anachimba, anawafokea watu wazima, anakataa udongo mpaka aupate anaoutaka. Kengele inalia. Halafu anaanguka matopeni analia, anamwambia Rublev kwamba baba hakumwambia siri yoyote.

Marehemu baba alikuwa akiunda mashua bila karatasi wala kipimo. Alitazama mti, akasema huu ni taruma, yaani ubavu wa mashua. Nikimuuliza amejuaje, ananipa tezo nichonge. Alipofariki, mteja mmoja alikuwa ameshalipa nusu. Nikamwambia baba amenifundisha yote, nitamaliza. Haikuwa kweli. Nililaza mkuku, ule mti wa chini kabisa, nikakosea mataruma mawili, nikayang'oa usiku ili watu wasione. Nikatia kalafati, pamba ya kuziba nyufa, nikapaka sifa, yaani mafuta ya papa. Siku ya kushua nilishika ubavu kwa mkono mpaka maji yakanifika kifuani. Chombo kilikaa sawa. Sikuweza kutoka majini, na mama aliyekuwa ukingoni akaniuliza nalia nini. Nikamwambia ni chumvi.

Filamu niliiona miaka sita baadaye kwenye simu ya mpwa wangu. Watu wanabishana kama yule baba alikuwa mchoyo au kama siri haikuwepo tangu mwanzo. Nami najiuliza hivyo kuhusu wangu. Pengine aliona tezo imetosha, pengine hakuniamini, na nikikaa karakana kwake jioni naweza kuamini yote mawili.

Chombo chenyewe bado kinapiga safari za Kizingitini.