Naomba ushauri: Jumamosi naingia loji, glavu nyeupe na aproni ninunue wapi hapa Lubumbashi?

MtuWaKatuba
Jambo yenu, wakubwa kwa wadogo. Jumamosi napokelewa katika loji ya framasoni. Nimeambiwa nifike na suti nyeusi, glavu nyeupe na aproni. Suti ninayo. Aproni naweza kushonesha kwa fundi wa Kamalondo, ama ni lazima ngozi? Silali vizuri. Walisema nafasi zimebaki tatu tu.

Bikari24
Suti nyeusi, sawa. Aproni hununui, ndugu. Loji yenyewe ndiyo inakuvalisha siku hiyo: nyeupe, haina pambo. Kwa desturi ya Kifaransa, ulimi wake wa juu unabaki umeinuliwa muda wote wa uanafunzi, unashushwa ukipanda daraja la pili. Glavu pia unapewa, jozi mbili: yako, na ya mwanamke unayemheshimu kuliko wote. Nani amekutuma sokoni?

Mama Mado
Mwanangu, acha glavu kwanza. Wewe ni Mkatoliki? Tangazo la Roma la tarehe 26 Novemba 1983, lenye sahihi ya Kardinali Ratzinger, linasema aliyejiunga yuko katika dhambi kubwa na hawezi kupokea komunyo. Wengine wanajitetea kwamba sheria mpya ya Kanisa ya mwaka ule haiwataji framasoni kwa jina. Ndiyo maana tangazo lilitolewa. Na mwaka 2023 Roma ilirudilia yale yale.

MtuWaKatuba
Asante mama, hilo nimeshalifikiria. Naomba tubaki kwenye mavazi.

FundiTimazi
Yaya, wachunguzi wa loji walikuja kwako wangapi? Kwa kawaida ni watatu, kila mmoja peke yake, wanauliza kazi yako, nyumba yako, kwa nini unataka. Kisha unasikilizwa kikaoni umefungwa macho, halafu wanapiga kura kwa gololi nyeupe na nyeusi. Ni kazi ya miezi. Ada unalipa baada ya kura, kwa mtunza hazina, na risiti mkononi.

MtuWaKatuba
Hawakuja. Tunaandikiana kwa simu tu. Nimeshatuma dola 150 za kufungua faili, Ijumaa natuma 200. Msinione mjinga, nimehesabu: nisipomalizia, zile 150 zimepotea. Nikimalizia wanarudisha mara kumi.

Bikari24
Hakuna loji inayorudisha mara kumi! Kabla ya kuingia unavuliwa kila kitu cha chuma: pesa, saa, pete. Unakaa peke yako katika chumba kidogo chenye fuvu, mkate, maji, chumvi, salfa na saa ya mchanga, unaandika wasia wako. Na kila kikao mfuko wa mjane unapitishwa: mkono unaingia umefumbwa, asiyekuwa na kitu asionekane. Pesa ile ni ya kusaidia wenye shida. Hao wa simu ni wezi.

Transit_Kasumbalesa
Mimi uzi huu siuamini. Mwenye shida ya kweli anatangaza "nafasi tatu"? Huyu ni chambo, anangoja mtu amwandikie pembeni. Msimwandikie.

MtuWaKatuba
Si chambo! Nimerudilia walivyoniandikia.

FundiTimazi
Basi weka hapa ujumbe wa kutuma pesa, namba uzifute.

Mama Mado
Awe wa kweli, awe wa uongo, mimi nauliza: hizo 350 ni za nani?

MtuWaKatuba
... Za likelemba, mchezo wetu wa kuchanga pesa na kupeana kwa zamu. Mimi ndiye ninayetunza. Jumapili ni zamu ya mama mmoja anayeuza unga.

Mama Mado
Kumbe! Mwanangu, mpelekee 200 leo, usingoje Ijumaa. Hizo 150 mwambie ukweli mbele ya wanachama wawili, muandike utalipa kiasi gani kila wiki. Akisikia Jumapili yenyewe, hakuna atakayekukabidhi likelemba tena.

FundiTimazi
Na mazungumzo usifute. Chukua namba ya muamala, uende kwa wakala uliyetumia, leo hii.

MtuWaKatuba
Nimewasikia. Lakini Jumamosi wakija kweli, na mimi sina glavu?