Nyasi za uani: kupuliza mbegu, kapeti au magunia ya vijiti?

BabaTumaini
Wadau, salamu. Fundi wa kabro, yale matofali ya kutandaza njiani, amemaliza kazi yake na mbele ya nyumba kumebaki udongo mtupu. Upepo ukivuma, vumbi lote linahamia sebuleni. Nataka nyasi. Nimeona njia tatu: magunia ya vijiti vya nyasi vya kupandikiza, yale yanayouzwa kando ya barabara, kapeti ya nyasi iliyo tayari, na hii ya kupuliza mbegu kwa mpira kutoka kwenye tangi, wanaiita haidrosidingi. Jamaa wa mbegu amenipa bei iliyo chini ya kapeti lakini juu ya magunia, na ameniahidi kijani ndani ya wiki mbili. Nani amewahi kuijaribu? Natakiwa kulipa amana Ijumaa.

Kichane_Utawala
Hivyo ulivyouliza hakuna atakayeweza kukujibu. Uwanja ni mita mraba ngapi? Udongo ni mwekundu au mweusi? Kuna miti? Maji ni ya bomba, kisima au lori la boza? Una mbwa?

Shosh wa Limuru
Na uko wapi, Baba Tumaini? Nairobi ni kubwa. Kinachostawi Karen si lazima kistawi Embakasi.

Nyuki Mweusi
Vijiti vya nyasi ya Pemba. Gunia, jembe, samadi, usubiri mvua ya Oktoba. Hizo nyingine ni za watu wenye pesa za kuchezea.

BabaTumaini
Niko Ruai. Uwanja ni kama mita mraba 300, tambarare. Udongo ni mweusi, ule wa kupasuka wakati wa kiangazi. Maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki, nina tangi la lita 5,000. Kuna migrivea mitatu upande wa ukuta. Mbwa wawili.

Mhandisi wa Mitaro
Mimi ni mtu wa barabara, na huko ndiko njia hii ilikotokea. Ilianza Marekani, jimbo la Connecticut, miaka ya 1950, walipokuwa wakitafuta namna ya kuotesha nyasi kwenye miteremko ambako mtu hawezi kusimama na jembe. Kwenye tangi huingia maji, mbegu, mbolea, nyuzi za mbao au karatasi iliyosagwa, na gundi ya kushikilia vyote visiteremke. Kile kijani cha siku ya kwanza ni rangi tu, hutiwa ili anayeshika mpira aone alikokwisha kupita. Ukionyeshwa picha ya uwanja wa kijani, uliza ilipigwa siku ya ngapi.

Penye mteremko, au penye ekari kadhaa, njia hii sioni mpinzani wake. Kwa mita 300 tambarare, sehemu kubwa ya pesa yako inalipa safari ya lori na mashine hadi Ruai.

Muulize pia ni mbegu gani. Pemba anayoisifu Nyuki hupandwa kwa vijiti, kwenye tangi la mbegu hutaikuta. Ng'ambo wako wanaokata vijiti vidogo vidogo wakavipuliza kwa mashine hiyo hiyo, hasa viwanja vya gofu, lakini sidhani jamaa wako amemaanisha hivyo. Huyo atakuletea ukoka, na ukoka hutaka jua la kutwa. Chini ya migrivea utadhoofika mpaka uishe.

Kichane_Utawala
Tena kuna maji. Mbegu iliyoanza kuchipua ikikauka, basi, imekufa. Juu lazima pabaki na unyevu wiki mbili tatu za mwanzo, unyunyize kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Milimita 5 kwa siku juu ya mita mraba 300 ni lita 1,500. Tangi lako likijaa linakutosha siku tatu, na hapo bado hujaoga. Kwa wiki tatu ni lita 31,500, yaani boza la lita 10,000 mara tatu na bado hujamaliza. Hiyo imo kwenye bei ya jamaa?

Mama Wawili
Ngojeni niwasimulie ya kwangu, Ngong, kwenye mteremko. Kampuni sitaitaja. Walikuja vijana watatu na tangi kubwa, wakapuliza asubuhi moja tu, hadi ukuta wa jirani ukawa kijani. Niliuliza mbona udongo haukulimwa, nikajibiwa tope lenyewe lina kila kitu. Na pale malori ya mawe yalikuwa yamepita mwaka mzima wa ujenzi, pamekuwa pagumu kama sakafu.

Mvua ikaja usiku kabla hata mbegu hazijachipua. Asubuhi tope lote liko langoni, limeziba mfereji, mlinzi wa jirani analichota kwa beleshi huku akinitazama. Nikawapigia. Wakaja kurudia sehemu ya juu, na kwa hilo niliwashukuru. Haikupita wiki, pakachipua majani membamba, laini, ya kupendeza. Nilimwita hadi mama mkwe aje aone! Kumbe ile ni nyasi ya rai, mbegu ya nchi za baridi, huchanganywa humo kwa sababu huota upesi na kumtia mteja moyo. Januari ikaja na jua lake, yote ikageuka njano. Iliyobaki kijani ni ndago. Na ndago mnaijua: ukiing'oa, kile kidonge cha chini kinabaki na kuzaa vingine.

Nikawapigia tena. Wakaniambia dhamana ilikuwa ya mbegu kuota, na mbegu iliota.

Nyuki Mweusi
"Na mbegu iliota." 😂 Hapo Mama Wawili wamekumaliza kabisa.

Fundi_Majani
Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, na naomba tusilaumu tangi. Hao hawakutayarisha udongo. Mama Wawili angepanda vijiti juu ya ule ugumu, navyo vingekauka. Na ndago haikutoka kwenye mpira, ilikuwemo ardhini.

Baba Tumaini, kwako kazi ya kwanza ni udongo. Mweusi ukinyonya maji huvimba, ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Wengi hapa Nairobi humwaga mwekundu juu. Tabaka la sentimita 10 kwa mita mraba 300 ni mita za ujazo 30, na hizo ni malori kadhaa ya tipa. Halafu usipande mara moja. Mwagilia, acha magugu yachipue, yaue, kisha urudie. Udongo wa kununua huja na ndago yake.

Otis_SouthB
Si uweke nyasi za plastiki tu? Hakuna maji, hakuna mashine.

Mama Wawili
Uzikanyage saa saba mchana bila viatu halafu urudi hapa utueleze.

Mhandisi wa Mitaro
Na mvua inayogonga kabro na plastiki huelekea kwa jirani. Yaliyotupata 2024 hatujasahau.

Otis_SouthB
Mafuriko ya 2024 yalisababishwa na ua wa Baba Tumaini?

Mhandisi wa Mitaro
Na nyua za mtaa mzima, ndiyo. Pamoja na waliojenga kwenye kingo za mito.

Shosh wa Limuru
Mbona hakuna anayetaja nyasi ya Kikuyu? Ni ya nyanda zetu za juu. Australia wanaipanda malishoni, California wanaihesabu gugu. Kwangu ina umri mkubwa kuliko wajukuu na haijawahi kuniangusha.

Fundi_Majani
Shosh, Limuru kuna baridi na ukungu. Ruai itataka maji mengi na kukatwa kila mara. Na penye kabro ni balaa. Juzi nilikuwa nikichomoa kamba zake katikati ya matofali kwa bisibisi, kipande kimoja kimoja. Imepita chini, imeinua safu nzima.

Shosh wa Limuru
Kosa ni la kabro, si la nyasi.

BabaTumaini
Asanteni nyote. Jamaa amekiri ni ukoka, na maji ni juu yangu. Naelekea kwa Pemba ya vijiti. Je, itakuwa imefunika kabla ya wiki ya kwanza ya Desemba? Tunapokea wageni wa mahari ya binti yetu, tutaweka hema mbili hapo mbele.

Kichane_Utawala
Baba Tumaini! Jambo kama hilo linasemwa mwanzo!

Fundi_Majani
Tuko mwisho wa Septemba. Vijiti huhitaji miezi miwili hadi mitatu kufunga uwanja, tena ukivipanda karibu karibu na maji yakiwepo. Mbegu nazo hazitaki kukanyagwa mapema, na mbwa wako hawajui hilo. Kwa tarehe hiyo ni kapeti. Hushika mizizi kwa wiki mbili tatu. Ila ikikatwa shambani itandazwe siku hiyo hiyo. Ikilala kwenye lori imekunjwa, hupata joto na kugeuka njano.

Nyuki Mweusi
Kapeti ya pesa zote hizo, halafu uikanyagishe wageni na miguu ya viti? Panda vijiti sasa, siku hiyo tandika mikeka juu, maisha yaendelee.

Mama Wawili
Wazazi wa bwana harusi wakanyage matope mwezi wa mvua? Hapana. Kapeti mbele, pale watakapopita na kupiga picha, nyuma vijiti.

BabaTumaini
Mama Tumaini amesoma hapa, naye ni wa kapeti kote. Mimi naangalia bei ya udongo kwanza. Amana nimeiahirisha hadi Jumanne. Nani anamjua mtu wa tipa anayeleta mwekundu usio na mawe?

Fundi_Majani
Nitumie picha ya uwanja na ya lango. Tipa nyingine hazipiti.

Shosh wa Limuru
Hema ni za watu wangapi? Na mbuzi je, wanakuja hai?

BabaTumaini
Watu 120. Mbuzi ndiyo, wengine hai.

Shosh wa Limuru
Watafungwa wapi?