Tupeane uzoefu: Kutembea na kula Masaki, Slipway na Oysterbay ukitokea uswahilini

Baba Nuru wa Mbagala

Habari zenu wakuu. Naomba uzi huu uwe wa wale waliowahi kutoka mtaani kwao wakaenda kutembea kule ushuani, Masaki, Oysterbay, Slipway, Sea Cliff, wakakaa, wakala, wakarudi salama, tupeane uzoefu wa kweli ili na wengine waende. Nina ndugu zangu kabisa wamezaliwa Dar, wamezeekea Dar, na Slipway hawajawahi kuikanyaga, ukimuuliza mtu kwanini anakwambia kule ni kwa wenye hela zao, na wala hajawahi kwenda akafukuzwa, yeye kaamua tu hivyo akiwa nyumbani kwake. Inaniuma, maana ni mji wetu huu huu na bahari ni hii hii.

Naanza mimi. Mama mkwe alikuja kutoka Newala kwa matibabu, akapata nafuu, tukasema kabla hajarudi tumtoe kidogo aone bahari. Kutoka Posta tukachukua Bolt nikamwambia dereva apite Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, linaanzia pale Aga Khan linapita juu ya maji kilomita moja na kidogo linakutoa ufukwe wa Coco. Mama kashika kiti cha mbele kwa mikono miwili anamuuliza binti yake kwa Kimakonde mbona tunaenda baharini, mke wangu anacheka hadi machozi.

Slipway getini mlinzi kasalimia, shikamoo mama, tukaingia. Hakuna kiingilio, hili naliandika wazi kwa sababu ndio swali la kwanza ninaloulizwa na kila mtu. Pale zamani palikuwa yadi ya boti, sasa ni maduka, migahawa na hoteli, na pembeni kuna vibanda vya vitu vya utamaduni, vitenge, shanga, vikapu, vinyago. Mama mkwe akasimama kwenye vinyago vya mpingo. Kachukua kimoja, kile cha watu waliopandiana mabegani wengi kwenye gogo moja, kakigeuza, kapitisha kidole gumba mgongoni mwa kile kinyago, akasema neno kwa Kimakonde. Yule kaka muuzaji akaruka kwenye kigoda. Kumbe na yeye kwao ni Newala! Waliongea hao, wakatajana koo, wakatajana wazee, sisi tumesimama pembeni tunasubiri, mgeni wetu ndo kawa mwenyeji wa Masaki.

Kwenye kula sasa. Mkwe huwezi kumuuliza uso kwa uso anataka kula nini, nikapitishia kwa mke wangu, naye akaomba menyu kabla hatujakaa, tukasoma bei tukakubaliana, chakula sahani mbili tukagawana watatu na soda. Bei ya soda ni mara kadhaa ya dukani kwa Mangi, huo ndio ukweli, lakini tulikuwa tumejipanga. Na mtu akijua kitu kimoja ataelewa kwanini watu wanalipia: bahari yetu Dar iko mashariki, jua tunaliona likichomoza majini, ila Slipway ipo upande wa pili wa rasi, inatazama ghuba ya Msasani magharibi, kwahiyo jioni jua linazama kwenye maji mbele ya meza yako. Mama alikuwa hajawahi kuliona hilo maisha yake yote. Nendeni kuanzia saa kumi na moja jioni, msichelewe.

Haya karibuni, na nyie leteni yenu.

Weita Mstaafu

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nimefanya kazi ya uweita kwenye mgahawa mmoja kule Masaki miaka kadhaa, ngoja niseme mambo ambayo wateja wengi wanaona aibu kuuliza na hayana aibu yoyote.

Menyu una haki ya kuiona kabla hujakaa kama alivyofanya shemeji hapo juu. Iombe mlangoni, isome, ukiona haikufai sema asante ondoka, hakuna weita mwenye akili atakayekununia, wazungu wanafanya hivyo kila siku. Halafu uliza neno moja tu, bei hii VAT ipo ndani? VAT ni asilimia 18 na ikiwa haipo ndani ile elfu thelathini yako inakuwa elfu thelathini na tano na mia nne, watu wanagombana na keshia kwa jambo ambalo lingeisha kwa swali la sekunde tano. Uliza pia kama kuna service charge. Na ukilipa dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iangalie kitu kwa kitu, maana meza zikiwa nyingi bia ya meza ya jirani inaweza kuangukia kwako bila mtu kukusudia.

Zamani sehemu nyingine bei ziliandikwa kwa dola, mtu unahesabu kichwani huku unatabasamu. Kanuni zilizotoka 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwahiyo ukiona menyu ya dola omba ya shilingi kwa kujiamini kabisa.

Kugawana sahani ruksa. Kuomba wafungiwe kilichobaki ruksa. Kuongea Kiswahili ndo usiseme! Sisi tunaohudumia tunatoka Tandale, Mbagala, Gongo la Mboto, Kinyerezi, tunaamka alfajiri kugombania daladala kuja huko, akija mtu anasema "dada habari za kazi" siku nzima inanyooka. Na ukiwa na chochote cha kumwachia weita mpe mkononi, maana ile ya kwenye kadi sehemu nyingine inachukua muda kufika na sehemu nyingine haifiki.

Jambo la mwisho, Ijumaa na Jumamosi usiku ukienda na kundi piga simu mapema wakuwekee meza. Wakikuambia pamejaa ni kweli pamejaa, usidhani wamekuangalia viatu.

Dada wa Tabata

@Weita Mstaafu nakubaliana na mengi lakini hilo la viatu mimi nina lingine, naomba mnisikilize. Tulienda na mdogo wangu kusherehekea kamaliza chuo, mgahawa siutaji. Tumefika tumependeza jamani, tukapelekwa meza ya nyuma kabisa mlango wa choo unagonga kiti changu, na kule mbele meza tupu za kutosha nazihesabu kwa macho. Nikauliza nikaambiwa zimewekwa oda. Dakika chache baadaye wakaingia wageni wawili wa nje hata hawakuulizwa jina wakakalishwa pale pale mbele. Moyo ulinienda mbio.

Sikupiga kelele. Nilimwita meneja, nikamwamkia vizuri, nikamwambia kaka, sisi tumekuja kutumia hela yetu kama wale, ile meza nimeambiwa ina oda na wale hawakuwa na oda nimewaona kwa macho yangu, naomba na sisi tuhamie mbele. Akaangalia chini, akasema samahani dada, akatuhamisha mwenyewe na viti akatuvutia. Mdogo wangu alifurahia siku yake na picha zipo. Ninachosema ni kwamba ubaguzi upo, tusiufiche tukasema watu wanajihisi tu. Wanawake wenzangu semeni, kwa sauti ya kawaida, na mseme na mkubwa mwenye mamlaka, sio yule binti wa mlangoni aliyeagizwa.

Msee wa Nairobi

Hamjambo watu wa Dar. Mimi hukuja huko kwa kazi mara kwa mara na hunilaza Masaki, kwa hivyo wacha nilinganishe na kwetu Westlands maana naona ni dunia moja.

Kwetu raha yote iko ndani ya mall. Sarit ilifunguliwa 1983 na imeongezwa imekuwa kubwa sana, ukiingia unapata supermarket, food court, benki, sinema, kila kitu chini ya paa moja, na matatu zinakuacha hapo karibu. Kutoka Sarit hadi Westgate ni kutembea tu. Lakini kitu kimoja kilibadilika kabisa, ni ulinzi. Baada ya lile shambulio la Westgate Septemba 2013 ambapo watu 67 waliuawa, hakuna mall unaingia bila kupekuliwa, mfuko unapita kwa mashine, gari linaangaliwa chini na kioo. Westgate yenyewe ilifunguliwa tena 2015 na huwa naenda, na kila nikipita ile lango huwakumbuka wale watu. Mwanafunzi mwenzangu wa zamani alikuwa ndani siku hiyo, alitoka, lakini hadi leo mall haingii.

Masaki imetawanyika, mgahawa uko hapa, mwingine mbali huko, na barabara zingine hazina njia ya watu wa miguu, unatembea kando ya ukuta mrefu magari yakikupita. Hiyo mngeshughulikia. Lakini upepo wa bahari hatuna, na samaki yenu ni fresh kuliko. Na kwetu VAT ni asilimia 16 na kuna levy ya utalii ya asilimia 2, kwa hivyo hilo swali la kuuliza bili liulizeni pia mkija Nairobi.

Mtoto wa Msasani

Mimi ni mzaliwa wa Msasani kijijini, yaani hapo hapo ghuba hiyo mnayoitazama mkiwa Slipway mkigeuza shingo kidogo mnaona ngalawa na mitumbwi yetu. Nasoma uzi huu nafurahi, ila naona mnaongea kama vile kule ni nchi ya watu.

Wakati wa mkoloni mji uligawanywa, Oysterbay Uzunguni, Upanga na kule katikati Uhindini, Kariakoo na Ilala Waafrika. Babu yangu alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya mzungu Oysterbay na jioni alitakiwa awe ameshatoka. Baada ya uhuru zile nyumba zikawa za wakubwa wa serikali na mabalozi, na Mwalimu mwenyewe akajenga akaishi huku huku Msasani kwetu. Masaki ya mighorofa na mabaa hii mnayoiona ni ya juzi tu, sisi tumekua kule kuna vichaka na barabara ya vumbi.

Sasa wale samaki, changu na kolekole, pamoja na pweza na kamba mnaowekewa kwenye sahani nyeupe na kipande cha limao, wengi wanashuka ufukweni kwetu asubuhi, na wavuvi wetu wanawajua wapishi wa mahotelini kwa majina. Mtu akiwa na bajeti ndogo aje Msasani kwanza, anunue samaki wake, mama lishe wamkaangie, ashibe, halafu ndo aende Slipway akaagize kahawa moja tu akae na jua lake mpaka lizame. Sisi vijana wa hapa ndivyo tunavyofanya na hakuna aliyewahi kutuinua kwenye kiti.

Kijana wa Rangi

Mkifika Oysterbay msipite bila kuingia Morogoro Stores, karibu na barabara ya Haile Selassie. Pale ndipo alipoanzia Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 60, kijana kutoka Tunduru, anachora wanyama kwenye hardboard kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, anawauzia wazungu wanaokuja dukani. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi, ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza mpaka wakaunda ushirika 1990. Mpaka leo unawakuta wamekaa chini wanachora, unaangalia bure, unauliza chochote wanakujibu. Mimi nilienda kuangalia tu nikaishia kurudi na kurudi, sasa hivi najifunza kwa mzee mmoja pale kuweka zile nukta za chui, brashi inagusa na kutoka, ukiikandamiza imeharibika.

Dereva Bajaji

Kwa wanaotaka kubana nauli, panda daladala za Masaki, usihangaike na teksi kutoka mbali. Shukia karibu na unapokwenda ndo uchukue bajaji au boda ya karibu, na mpatane kabla hujapanda. Usiku ikipita saa nne daladala zinakuwa chache sana, hapo piga hesabu ya kurudi kabla hujaagiza kinywaji cha pili. Coco Jumapili jioni foleni ya Toure Drive haitembei, ukishuka ukatembea na watoto wako ufukweni unafika haraka kuliko mimi.

Mama Wawili

Asanteni sana, nimesoma yote. Swali langu, nina watoto wa miaka sita na tisa, hawawezi kukaa mezani kusubiri jua lizame, hawa wanataka kukimbia. Na hela yangu ni ya mara moja, nikikosea hakuna nyingine mpaka mwezi ujao. Niwapeleke wapi?

Baba Nuru wa Mbagala

@Mama Wawili dada yangu, kwa umri huo anzia Coco. Mchanga wote ni wao, hakuna kiingilio, unawanunulia mihogo ya kukaanga ya moto moto na kachumbari, pilipili ukaweke pembeni kwenye kikaratasi, na mishkaki kama ipo bajeti. Nenda siku ya kawaida au Jumamosi asubuhi, Jumapili panafurika mtoto anaweza kukupotea. Kuogelea waangalie kwa karibu sana, maji yakitoka kuna miamba inakata miguu na maji yakijaa yanavuta, wavalishe ndala.

Ukishajipanga mwezi mwingine ndo uwapeleke Bongoyo, boti zinaondokea pale pale Slipway, ni safari fupi na kisiwa chenyewe ni hifadhi ya bahari, kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni kwahiyo beba kitambulisho cha NIDA. Beba na maji ya kunywa na chakula cha watoto, kule samaki wa kuchoma wapo ila unasubiri. Ulizia boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi kabla hujapanda ya kwenda.