Ushauri wenu jamani: Morris ya mbao, tutie injini ya Toyota 5K au tuiache na injini yake?

mtoto_wa_jangombe
Asalaam alaykum. Mie na wenzangu watatu tuna Morris Minor Traveller ya 1959, ile stesheni wagoni yenye mbao nyuma, tunaifufua tangu tulipomaliza Ramadhani. Ilikuwa imelala bandani miaka chungu nzima kuku wanatagia siti ya nyuma. Mbele bodi ina afadhali, kutu iko chini ya milango na sakafuni kwa dereva, chumvi ya hapa tena mnaijua. Mbao ndo msiba, ukibonyeza kidole kinazama kama umebonyeza boflo liloroa chai.
Swali langu moja tu. Tuiache na injini yake ya sisii 948 au tutie 5K ya Toyota Townace, mwenzetu mmoja anayo iko kwao? Tunataka na kuishusha kidogo, rimu pana, muziki, halafu tuwe tunabebea maharusi na watalii Mji Mkongwe. Wenzangu wanataka jibu kabla ya Ijumaa na mie silali.

fundi_mstaafu
Wa alaykum salaam. Kijana hizo mbao unazisema kama pambo. Kwenye Traveller mbao ndiyo bodi yenyewe kuanzia nyuma ya mlango wa mbele, ndiyo inayobeba paa na vioo na ile milango miwili ya nyuma. Wangereza walitumia mti unaitwa ash. Ukitia injini kubwa mbele na nyuma mbao zimeoza, siku utakayoruka tuta gari itajikunja kama mkeka.
948 ina nguvu za farasi 37 tu, na breki zake ni ngoma magurudumu yote manne, zimepigiwa hesabu hiyo hiyo ya 37. 5K ni sisii 1486. Utakwenda, kusimama ndo utajua mwenyewe.
Jengine, hiyo gari upande wa chanya wa betri ndiyo arthi, ndiyo unaofungwa kwenye bodi, si hasi. Zamani nikifanya kazi gereji moja Mlandege alikuja kijana na Morris ya baba yake katia betri kama anavyotia kwenye gari nyengine, redio mpya katoka nayo Dubai, aliposhika swichi tukasikia harufu kabla ya nyimbo. Alilia yule, tena mbele ya mchumba wake.

pijo_404
Mnahangaika na kigari cha walimu. Stesheni ni Pijo 404, safu tatu za viti, ukoo mzima unakwenda Makunduchi Mwaka Kogwa na mbuzi juu. Bert Shankland dereva wa Tanganyika yetu hii alichukua Safari Rally na 404 mwaka 1966 akarudia 1967. Morris ilichukua nini? Uza hiyo tafuta 404.

mtoto_wa_jangombe
@pijo_404 sikuuliza hayo kaka.
@fundi_mstaafu ahsante mzee wangu. Mbao seremala keshaanza, upande wa kushoto keshautoa wote.

fundi_mstaafu
Kautoa wote? Paa mmelitilia nini?

mtoto_wa_jangombe
Tumelisimamisha na boriti mbili na jeki.

ngalawa_ya_nungwi
Leteni Nungwi kwa mafundi wa majahazi. Mataruma ya mtondoo, mbao za mvule, unakalafati na pamba, mwisho unapaka sifa. Haitovuja maisha. Bibi harusi atanuka papa lakini atafika.

bi_mkubwa_wete
😂 Mie mambo ya injini siyajui nipo Wete huku nakaanga sambusa. Nna suala dogo mwanangu. Umesema "tuna" Morris. Kadi ya gari ina jina la nani?

mtoto_wa_jangombe
Ya familia bibi. Kwa hiyo mafundi, tukitia 5K hilo gia boksi lake linakaa au lazima tukate sakafu?

bi_mkubwa_wete
Familia si jina la mtu. Nimeuliza jina.

kwerekwe_boy
Bi mkubwa kashika koo 😂😂

mtoto_wa_jangombe
Haya. Ina jina la babu, alinunua kabla ya Mapinduzi. Babu keshafariki miaka mitatu sasa. Lakini wakati yuko hai mie ndo nlokuwa naiosha na yeye mwenyewe alisema hii gari ya mjukuu wangu, watu walisikia.

bi_mkubwa_wete
Mungu amrehemu. Mirathi ishagawiwa? Baba yako yuhai? Babu kaacha na nani?

mtoto_wa_jangombe
Baba yuhai na shangazi wawili, mmoja Muscat mmoja Chake. Mirathi bado, nyumba ndo inaleta maneno. Gari hakuna hata mmoja aloiuliza, walikuwa wanaona banda la kuku. Baba nlimwambia akasema fanyeni.

kwerekwe_boy
Alisema fanyeni akiwa anafanya nini?

mtoto_wa_jangombe
Alikuwa anaangalia mpira.

bi_mkubwa_wete
Basi skiza. Kama bibi yako hayupo na warithi ndo hao watatu, baba yako ana nusu, shangazi kila mmoja robo. Wewe mjukuu baba yuhai huna hata msumari wa gari hiyo. "Ya mjukuu wangu" maneno ya mapenzi hayo, angekupa angekukabidhi na kadi. Mpigie shangazi wa Muscat leo, na wa Chake umfate kwa miguu yako.

mtoto_wa_jangombe
Bibi nakuheshimu, lakini wangesubiri mpaka lini? Mvua nyengine moja tu ingebaki rejeta na usukani. Sisi tumetia hela, laki nne nne kila mmoja, na tushaandikiana karatasi kuwa gawio sawa kwa sawa watu wanne. Siwezi kuwageuka wenzangu.

fundi_mstaafu
Mmegawana kwa wanne mali ya watu watatu ambao hata mmoja hayumo katika wanne. Na hii injini unayotuuliza tuiache au tuitoe, iko wapi sasa hivi?

mtoto_wa_jangombe
Mzee hapo ndo pana kazi. Ilikuwa imekwama haizunguki. Tuliitoa wiki ilopita, mwenzetu mmoja akaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu akapata elfu sitini tukanunulia welding rodi. Lakini kama mngesema 948 ni bora tungetafuta nyengine.

fundi_mstaafu
Lahaula. Namba ya injini imo kwenye kadi kijana. Na hiyo kukwama ungetoa plagi, ukamimina mafuta kidogo kila silinda, ukaiacha siku tatu nne ukaizungusha taratibu kwa spana, nyingi zinakubali.

malindi_forodhani
Samahani niwaharibie. Hii chai, tena ya maziwa na iliki. Mie nimezaliwa Malindi nna miaka arubaini na tano sijaiona Morris ya mbao Unguja hii. Juzi juzi alikuja mtu na Pijo ya marehemu baba yake, watu wakalia naye wiki nzima, kumbe anatafuta mnunuzi. Huyu anaanza "tuna", mara babu, mara shangazi, mara injini haipo. Kesho mtasikia namba ya kuchangia. Hakuna hata picha moja.

kwerekwe_boy
Kweli picha hakuna!!! Nilikuwa nshaanza kumuonea huruma

pijo_404
Nilijua tu. Mwenye stesheni ya kweli hawezi kunijibu vile.

mtoto_wa_jangombe
Simu yangu kamera imekufa wallahi.

malindi_forodhani
Kamera imekufa na injini imekufa na babu kafa. Haya.

fundi_mstaafu
Ngojeni msimle mtoto wa watu, mie namjua kwa suala. Wee kijana, master ya breki mliikuta wapi?

mtoto_wa_jangombe
Chini ya miguu ya dereva, ndani ya chesesi. Tulihangaika kuitafuta chini ya boneti nusu siku, mpaka tulipotoa zulia tukaona kifuniko sakafuni, chini yake ndo kichuma cha kutilia mafuta ya breki, juu kimejaa mavi ya kuku.

fundi_mstaafu
Indiketa?

mtoto_wa_jangombe
Hazina taa pembeni, ni vimkono vinachomoka kwenye nguzo ya mlango vinawaka rangi ya chungwa. Cha kulia kinatoka nusu kinarudi, babu alikuwa anakipiga kofi kwa ndani. Na kwenye mfereji wa vioo vya nyuma vya kusukuma kumeota ukijani kama wa kisimani, mwenzetu mmoja aling'oa kijimche kabisa kina majani mawili. Sasa hayo nayo nimeyatunga?

fundi_mstaafu
Gari anayo. Vimkono waliviondoa 1961, na ukijani wa kwenye mfereji haujui mtu ila aloisugua.

malindi_forodhani
Angeweza kusoma popote hayo.

ngalawa_ya_nungwi
Mavi ya kuku kasoma wapi?

saateni_vyuma
Mie si mchangiaji huwa nasoma tu. Kuna injini ndogo ya kijani ya zamani nimeiona jana kwa mnunuzi mmoja wa vyuma huku kwetu, imekaa juu ya viroba vya makopo, ina kabureta moja ya SU pembeni haijatolewa. Mzigo wake unapakiwa kesho asubuhi kwenda Bara.

mtoto_wa_jangombe
Kabureta imefungwa kamba ya manjano?

saateni_vyuma
Eeh. Ya plastiki. Anaiuza kwa kilo lakini akikuona una haraka atakwambia laki na nusu.

fundi_mstaafu
Nenda na mtu mzima, usiende na hao wenzio. Na usimwambie ya nini.

mtoto_wa_jangombe
Nshatoka, nipo kituoni Kwahani. Nna elfu themanini tu mfukoni.

bi_mkubwa_wete
Shangazi wa Muscat ushampigia?

kwerekwe_boy
@mtoto_wa_jangombe bi mkubwa anakuuliza

bi_mkubwa_wete
Naona ananisoma hajibu. Haya nakwenda kugeuza sambusa narudi.

malindi_forodhani
Huko Saateni azime simu ya mtu alete picha.