Tupeane uzoefu: gari la spoti lililotumika, manyuali au otomatiki kwa barabara zetu za Kusini?

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, nimeoneshwa Toyota Altezza RS200 mbili zilizotumika, moja ya manyuali yenye gia 6 na nyingine ya otomatiki yenye gia 5, na bei zake hazipishani kiasi cha kuniamulia. Mengi ninayoyasoma kuhusu jambo hili yameandikwa na watu wanaoendesha katika miji yenye foleni au katika viwanja vya mashindano, ilhali gari langu litakwenda Mikindani, Mingoyo na Lindi, na mara mojamoja Dar es Salaam kupitia Nangurukuru na Daraja la Mkapa. Naomba aliye na gari la namna hiyo aeleze linavyomtendea katika barabara zetu, na likiharibika hulitengeneza kwa nani. Asiyewahi kumiliki anakaribishwa pia, mradi aseme wazi kwamba anazungumza kwa kusikia.

Mchangiaji, Lindi (Altezza RS200, manyuali)

Kaka, tuanze na kilichomo ndani ya gari lenyewe. Toyota ilitoa RS200 ya manyuali ikiwa na nguvu ya farasi 210, na ya otomatiki ikiwa na 200, zote kwa injini ileile ya 3S-GE ya lita 2. Tofauti hiyo ya 10 isingenisumbua, ila injini hii nguvu zake ziko juu kabisa, inapozunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, na chini ya hapo ni gari la kawaida la kwendea ofisini. Kwa gia 6 za mkono ninaiweka injini pale ninapotaka. Msimu wa korosho, malori yanapofuatana kati ya Mingoyo na Mikindani, ninarudi gia ya tatu kabla sijatoka upande wangu, na lori ninalipita kwa umbali mfupi kuliko rafiki yangu mwenye otomatiki, ambaye hukanyaga mafuta kwanza kisha akasubiri giaboksi ikubaliane naye.

Upande wa pili nao usifichwe. Kila kijiji njiani kina kibao cha kilomita 50 kwa saa na matuta yake, na kila tuta ni klachi, gia ya pili, ya tatu, ya nne, kisha unaanza upya. Jambo lingine ni la nyumbani: hakuna mwingine kwangu anayeweza kuendesha manyuali, hivyo siku niliyozidiwa na malaria usiku, gari lilibaki uani na mimi nikapelekwa hospitali ya Sokoine kwa bajaji.

Mchangiaji, Masasi (Subaru Impreza WRX, otomatiki)

Mimi nilichagua otomatiki kwa makusudi. WRX ya manyuali ya umri wa hili langu ina giaboksi ya gia 5 inayojulikana kwa kuvunjika meno pale dereva anapopenda kuondoka kwa kishindo, na gari la tabo, yaani lenye kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, lililofika huku limekwishapita mikononi mwa vijana wangapi, hakuna anayejua. STI ya gia 6, yaani WRX kali zaidi, iliyoanza na kizazi kilichotoka mwaka 2000, ni imara zaidi, lakini bei yake si ya kwangu. Nikawaza kwamba aliyenunua otomatiki kule Japani huenda alikuwa mtu wa kwenda kazini na kurudi.

Gia zake ni 4 tu, na hapo ndipo raha inapopungua, kwa sababu nafasi kati ya gia moja na nyingine ni kubwa, na giaboksi inapopanda gia katikati ya mlima, injini hushuka chini ya pale tabo inapoamka. Ninapopanda uwanda wa Makonde kwenda Newala ninaweka mkono wa gia kwenye 2 na kuuacha hapo. Ninaposhuka kurudi Masasi nafanya vivyo hivyo, ili injini ilizuie gari na breki zisichemke. Jambo ambalo sikubali kubishiwa na mtu yeyote ni oili: mlima, jua letu na mzigo huipasha moto oili ya giaboksi, nami ninaibadilisha mapema hata kama muuzaji aliniambia ni ya maisha yote.

Mchangiaji, Naliendele

Ninasema kwa kusikia. Porsche 911 GT3 iliyotoka mwaka 2013 haikuuzwa kabisa na manyuali, bali kwa PDK peke yake, giaboksi yao inayojibadilisha gia yenyewe, kwa kuwa inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa binadamu. Kama wenye gari la mashindano waliamua hivyo, sisi tunabishania nini?

Fundi wa magari, Mtwara

Mdogo wangu wa Naliendele, Porsche hiyohiyo ilirudisha manyuali kwenye GT3 mwaka 2017 kwa sababu wateja waliidai. Isitoshe, PDK ina klachi mbili ndani yake, haihusiani kabisa na otomatiki ya kawaida yenye toki konveta, inayopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi, iliyomo kwenye Altezza au WRX ya bei zetu. Watu husikia sifa za aina moja kisha wakazinunulia aina nyingine.

Nije kwa mwenye mada. Kwa magari yenye umri huu ninatazama hali ya giaboksi kwanza, kwani manyuali iliyochakazwa ni mbaya kuliko otomatiki iliyotunzwa, na kinyume chake ni kweli vilevile. Otomatiki uikute ikiwa baridi, usikubali kuletewa gari lililokwishazungushwa mjini. Liwashe, kanyaga breki, toa kwenye P (kuegesha) uweke D (mbele), kisha R (nyuma), ukisikiliza inachukua muda gani kushika. Ikikaa kimya halafu ikashika kwa kugonga, ndani kumechoka. Oili ikiwa mpya huwa nyekundu, na ikiwa kahawia iliyoiva yenye harufu ya kuungua, muuzaji hata akuapie kwa mizimu ya babu zake, usitoe pesa.

Manyuali nayo ina siri zake. Tembea polepole ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Sindano ya mzunguko wa injini ikipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Ukiingiza gia ya pili haraka ikakwaruza, sinkronaiza, yaani pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana, zimeisha, na hapo giaboksi lazima ifunguliwe. Uchunguze pia kama gari lilizaliwa otomatiki likageuzwa, kwa maana kugeuza kunataka pedali, propela shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, vishikizo vya giaboksi na kompyuta ya injini vyote vilingane, na wengi huishia kufunga vinavyopatikana.

Kuhusu kutengeneza, klachi ya Altezza ninaifunga hapahapa Mtwara. Pleti, presha pleti na beringi yake huagizwa Dar es Salaam zikaja kwa basi. Otomatiki ikifa, kwa kawaida tunatafuta nyingine iliyotumika na kuibadilisha nzima, na hiyo nayo huijui ilikotoka. Fikiria pia kukwama njiani. Betri ikifa pale Somanga, manyuali mtaisukuma iwake, lakini otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, na haifai kuvutwa mbali magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa sababu pampu inayozungusha oili ndani ya giaboksi hufanya kazi injini ikiwa inawaka tu.

Mchangiaji, Shangani (Mazda RX-8, manyuali)

Fundi amesema kweli, ila manyuali haipendi kusahauliwa. Nilisafiri nikaliacha gari langu karibu na bahari masika yote, na niliporudi klachi ilikuwa imeshikamana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi huliegemea, pedali inashuka lakini gia haiingii. Ilibidi liwashwe likiwa ndani ya gia, klachi imekanyagwa, katika uwanja mpana, mpaka pleti ikaachia. Hata hivyo nisingechukua RX-8 ya otomatiki. Mwanzoni, ile ya gia 6 za mkono ilitoka Japani na farasi 250, wakati otomatiki ya gia 4 ilipewa 210, na injini ile ya rotari, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, isipopandishwa juu haina ladha.

Mchangiaji, Mtwara

Wanaotazama Toyota Mark X GRX120 wasijisumbue na mada hii, maana ilitoka kiwandani ikiwa otomatiki tu. Ukiona ya manyuali, fundi amekwishakuonya kuhusu magari yaliyogeuzwa.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru, kaka zangu na dada wa Shangani. Leo asubuhi nimeyakagua yote mawili yakiwa baridi. Otomatiki ilichelewa kushika R kisha ikagonga, na oili yake ni kahawia. Ya manyuali gia zote zinaingia vizuri, pamoja na ya pili, lakini katika gia ya nne sindano ilipanda bila mwendo kuongezeka. Muuzaji amekubali kuitoa gharama ya klachi kwenye bei ya gari. Fundi, kuna kingine cha kumdai kabla sijalipa?

Fundi wa magari, Mtwara

Mdai na gharama ya kuchonga flaiwili, kwa sababu klachi iliyoteleza muda mrefu huiunguza na kuiacha na mabaka, na pleti mpya juu yake itatetemesha gari kila unapoondoka. Giaboksi ikiwa chini, nitabadilisha sili ya nyuma ya krenki hata kama haijaanza kuvuja, maana kuifikia kunataka kazi ileile ya kushusha giaboksi upya. Agiza seti nzima kwa namba ya chesisi, usitaje jina la gari peke yake, kwa kuwa Altezza AS200 ina injini nyingine na wauzaji wa spea huzichanganya. Basi la usiku likifikisha mzigo Ijumaa, Jumamosi jioni utaondoka na gari lako.