Natafuta neno ndani ya imeili zilizoseviwa, naliona kwa macho ila kompyuta inasema hakuna

Mdau_Bandarini
Wakuu habari za saa hizi. Nipo ofisi ya kliaringi hapa Dar, nimerithi meza ya jamaa aliyeacha kazi, na pamoja na meza nimerithi eksteno moja (diski ya nje) ina imeili zake zote alizokuwa anasevu moja moja. Nyingi ni .eml, chache .msg, jumla elfu tisa na ushee, ziko kwenye mafolda aliyoyapa majina anayoyajua yeye na Mungu wake (kuna moja inaitwa "mpya mpya 2", nyingine "usiguse").

Sasa kuna mteja wetu wa Lubumbashi kagoma kulipa demareji (tozo ya kontena kupitiliza siku za bure), anasema aliandikiwa kwamba ana siku za bure za kutosha kabla kontena halijaanza kuhesabiwa. Bosi anasema siku ni 14 na ushahidi upo humo humo kwenye imeili, nitafute. Huyu mteja anaandika Kiswahili kachanganya na Kifaransa, kwa hiyo natafuta neno "demareji" na neno "délai" (Kifaransa, yaani muda). Kwenye kile kiboksi cha kutafutia cha Windows inazunguka wee halafu hakuna kitu. Kinachoniuma ni kwamba nimefungua moja kwa mkono nikaikuta "demareji" imeandikwa mstari wa pili kabisa! Naiona, mashine haiioni. Tatizo nini?

kijana_wa_tandika
Mkuu eksteno kwa kawaida haimo kwenye indeksi ya Windows (orodha yake ya maneno yaliyomo kwenye mafaili), kwa hiyo hapo inaangalia majina ya faili tu, ndani haiingii. Achana na hicho kiboksi, fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri), nenda kwenye hilo folda halafu piga hii:

findstr /s /i /m "demareji" *.eml

Hiyo /s inaingia mpaka mafolda ya ndani, /i haijali herufi kubwa au ndogo, /m inakuletea jina la faili tu isikujazie skrini. Ukishindwa kabisa kuna saiti za bure unapakia faili zako zinakugeuzia kuwa PDF unatafuta humo.

Mdau_Bandarini
Asante mkuu, imekubali kidogo. Imeleta faili sita. Ila ile moja niliyoifungua kwa mkono HAIMO kati ya hizo sita. Na "délai" imeleta sifuri. Yaani sasa ndo nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo.

Mama Seva
Kwanza hilo la kupakia kwenye saiti sahau, humo mna bili za shehena na namba za akaunti za wateja wa watu, unampelekea nani? Kijana wangu wa Tandika usirudie.

Pili, Mdau, hiyo faili moja ifungue kwa Notepad, sio kwa programu ya imeili. Shuka mpaka yaishe majina ya aliyetuma na aliyetumiwa, halafu niambie unaona nini.

Mdau_Bandarini
Dada naona hivi:

Content-Transfer-Encoding: base64

halafu chini yake SGFiYXJpIHph na kuendelea, matakataka matupu ukurasa mzima. Imeharibika?

Mama Seva
Haijaharibika hata kidogo. Hayo matakataka yako hapo yanasomeka "Habari za", mteja wako anakusalimia.

Iko hivi. Imeili ilipoanza ilikuwa inabeba herufi za Kiingereza tu, é ya Mfaransa au picha haikuwa na pa kukaa. Mwaka 1992 ukaja utaratibu unaoitwa MIME, kila kisichopita kinafungwa kwanza kwenye herufi za kawaida, kule kwa mpokeaji programu inafungua. Sasa wewe ukisevu .eml unasevu kifurushi kikiwa bado kimefungwa. Outlook inakufungulia unasoma vizuri, findstr inasoma karatasi ya nje.

Kuna ufungaji wa aina mbili utaukuta. Base64 ndo huo wako, herufi tatu zinageuzwa nne, na usidhani utaligeuza neno "demareji" utafute hilo lililogeuzwa, kwa sababu likianzia nafasi nyingine kwenye barua linatoka sura nyingine. Wa pili ni quoted-printable, huo unasomeka nusu nusu na ndo unaodanganya watu. "Délai" kwenye faili imeandikwa D=C3=A9lai, ndo maana ukapata sifuri. Na mistari inakatwa isizidi herufi 76, inawekwa alama ya = mwishoni, kwa hiyo unaweza kukuta

tutalipa dema=
reji yote

Neno lipo ila limevunjika kiuno. Zile sita ulizopata ni zile ambazo neno halikufungwa base64 wala halikukatwa.

Dawa: weka Thunderbird toleo jipya, ni ya bure. Tengeneza folda chini ya Local Folders, buruta hizo .eml uzitupie humo, au ongeza kile kiongezi cha ImportExportTools NG kinaingiza folda zima na watoto wake, kwa elfu tisa usiburute utalia. Ikiisha bonyeza Ctrl+Shift+F, pale kwenye Subject badilisha iwe Body, andika neno. Yenyewe inafungua kila kifurushi kabla ya kutafuta. Ila ndani ya PDF zilizoambatanishwa haingii, na kama PDF ni ya kuskani ndo kabisa, ile ni picha.

Zile .msg ni kesi nyingine, hizo ni faili za Outlook zenyewe, Notepad haikusaidii. Herufi humo zinakaa baiti mbili mbili ndo maana findstr inapita tu. Fungulia kwenye Outlook, kama ni chache tafuta kwa mkono yaishe.

FundiKoda_Msa
Hujambo ndugu, salamu kutoka Mombasa. Alosema Mama Seva ni kweli tupu. Mimi kazi kama hizi nafanya na Python (lugha ya kuandikia programu), ikiwa unayo kwenye mashine:

import email, pathlib
from email import policy
for f in pathlib.Path("E:/").rglob("*.eml"):
    m = email.message_from_bytes(f.read_bytes(), policy=policy.default)
    b = m.get_body(preferencelist=("plain", "html"))
    if b and "délai" in b.get_content().lower(): print(f)

Neno lako liandike kwa herufi ndogo. Barua zengine za zamani zina majina ya herufi za ajabu itakwama hapo, ifunge na try iruke iendelee. Na ikiwa barua ni ya html tafuta neno moja moja, usitafute sentensi, kwa sababu "siku 14" yaweza kuwa siku <b>14</b> na hutaipata hata ukeshe.

Mdau_Bandarini
Wakuu nimerudi. Thunderbird imechukua kama dakika arobaini kumeza zote, nimeandika délai zikaja 31, demareji 58, siamini macho yangu.

Na ile barua ya siku za bure nimeipata, ilikuwa folda la "usiguse". Base64 kama kawaida. Shida ni kwamba inasema siku 21, na imetoka ofisini kwetu, chini ina jina la jamaa aliyeacha kazi na bosi yumo kwenye CC.

Nimempelekea. Ameisoma mara mbili, akaniambia hiyo Thunderbird siiamini, tafuta tena.

Mama Seva
😂😂 Mdau tengeneza kopi ya hiyo eksteno leo leo, kabla hajakuomba umshikie.